Koti la Bastola la Isidori Karani

Mwaka ule sinema moja ya Uhindini ilipoleta filamu ya mpelelezi, nusu ya vijana wa Kariakoo waliacha kutembea kama walivyozaliwa. Walitembea bega moja likiwa chini, mkono wa kulia umezama kifuani, kana kwamba kila mmoja ana jambo zito la kuchomoa. Humo ndani hamkuwa na kitu ila leso. Mpelelezi wa kwenye filamu ndiye aliyekuwa na bastola, ameificha ndani ya koti lake upande wa moyo, na kwa ajili hiyo koti lenyewe likapata jina mtaani: koti la bastola. Jina la filamu lilisahaulika upesi. Koti halikusahaulika.

Isidori hakuwa mtu wa kuiga mambo. Ndivyo alivyojijua mwenyewe. Alikuwa karani bandarini, kazi yake kusimama gatini na kuhesabu magunia na masanduku yakishushwa melini, na alikuwa hodari wa kazi hiyo kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu kilichokaribia kuwa sawa. Alizaliwa Kibosho, akasomeshwa na mapadri, na katika yote waliyomfundisha, lililomkaa zaidi ni kwamba jambo ama ni sawa ama si sawa. Alipanga chumba Mtaa wa Sikukuu katika nyumba ya Bi Sitara, mama wa Kizaramo mwenye maneno machache na makali. Bi Sitara akisema jana alinunua mkungu wa ndizi, Isidori humkumbusha kwamba ilikuwa juzi.

"Mwanangu," Bi Sitara alimwambia siku moja, "wewe hata Izraili akija kukuchukua, utamsahihisha njia."

Basi mtu wa namna hiyo alipoona vijana wanapita na makoti yenye mifuko iliyonyooka, ilhali mifuko ya koti la mpelelezi imekatwa mshazari, aliumia kama mtu anayesikia misa inaimbwa vibaya. Makoti mengine hayakuwa na mkanda mgongoni. Mengine yalikuwa na kola ya shati. Na wote, bila haya, waliyaita makoti ya bastola. Isidori akaamua kwamba mjini Dar es Salaam litakuwapo koti moja tu la sawa, na hilo litakuwa lake.

Alikuwapo pia Josepha, binti wa Kilema aliyelea watoto wa Wazungu kule Oysterbay na kuimba sauti ya pili kanisani siku za Jumapili. Isidori alisema moyoni kwamba koti halihusiani kabisa na Josepha. Alilisema jambo hilo mara nyingi.

Kwenye maduka ya mjini makoti ya sufu yalikuwapo, yametundikwa nyuma ya vioo, lakini mshahara wa karani ulikuwa wa kuyatazama tu. Isidori akaenda sokoni kwenye mafungu ya kafa ulaya, nguo zile kuukuu zilizotoka ng'ambo, ambazo watu walisema wenyewe wamekufa, nao huzinunua vivyo hivyo huku wakimwombea marehemu awe alikuwa mnene. Akapekua mpaka akakuta kabuti moja la jeshi, sufu nzito, halina tundu ila moja dogo kwenye kwapa. Akalikunja chini ya mkono na kulipeleka kwa fundi Kitwana.

Kitwana alishona kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, Mtaa wa Kongo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye pini midomoni, na mchana kutwa alishona kanzu na suruali za shule. Alilipokea kabuti, akaligeuza ndani nje, akalinusa.

"Karani, hili ni la baridi ya Ulaya," alisema. "Hapa mtu akilivaa atapikika."

"Wewe lifumue, Fundi. Nitakuambia linavyotakiwa kuwa."

Naye akamwambia. Alikuwa amekwisha kwenda kwenye filamu ile mara kadhaa, akakaa viti vya mbele vya bei ndogo, shingo juu, na hakutazama kingine ila koti. Alijua vifungo vinavyokaa mbele na umbali kati yao. Alijua mahali mshono wa bega unapoangukia na jinsi mgongo unavyofunguka mpelelezi anaponyoosha mkono. Usiku mmoja wenzake kazini walipobishana juu ya nani hasa aliyemuua yule tajiri, wakamgeukia Isidori awaamue, maana ndiye aliyeiona filamu kuliko wote. Isidori akakiri hajui. Wakati wa mauaji, mpelelezi alikuwa amewapa watazamaji mgongo, na mgongo ndio aliokuwa akiuhitaji.

Kazi ikaenda. Bitana ilitoka kwenye mifuko ya unga ya kitambaa cha marekani, ikafuliwa hadi maandishi yakafifia, isipokuwa jina la kinu lililobaki chini ya kwapa la kushoto. Vifungo vilichongwa kwa vifuu vya nazi, vikasuguliwa kwa mchanga, vikang'aa vizuri kuliko vya dukani. Lakini mgongo ulimshinda Kitwana. Alishona, akafumua, akashona tena, na kila mara Isidori alinyoosha mkono kama mtu anayechomoa bastola, akasema, "Bado."

Mwisho Kitwana akatema pini. "Bwana Karani, mimi nashona nguo uliyoiona wewe. Macho hayaazimwi."

Isidori akaona neno hilo ni la haki. Jumamosi iliyofuata akamlipia Kitwana tikiti, wakaenda pamoja. Fundi alikuwa hajawahi kukanyaga sinema maishani mwake. Alivaa kanzu safi na kofia ya kiua, akaingia kwa mguu wa kulia kama anayeingia nyumba ya watu, akaketi wima. Kiingereza hakukijua hata neno. Taa zilipozimwa alishika mkono wa kiti, na hakuuachia hadi zilipowashwa.

Wakarudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Kitwana alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mkono wa kanzu.

"Haya, Fundi," Isidori aliuliza, "umeuona ule mkanda wa mgongoni?"

"Mkanda upi?"

"Mkanda wa koti. Ndio uliotuleta."

"Karani, yule mama anatiwa pingu mbele ya mwanawe, mimi nitazame mkanda?"

Isidori alisimama. "Mama yupi ametiwa pingu?"

Kitwana naye akasimama, akamtazama kijana yule kwa huruma kubwa. Kisha, wakitembea polepole, akamsimulia filamu nzima: jinsi tajiri alivyomdhulumu yule mwanamke tangu ujana, jinsi mwanamke alivyovumilia, na jinsi mpelelezi alivyotamani kumwachia aende zake lakini sheria ikamkaba. Hivyo ndivyo Isidori alivyopata kujua muuaji ni nani, kwa mdomo wa mtu ambaye hakuelewa neno hata moja lililosemwa.

Mgongo wa koti ulipatikana wiki ile kwa bahati tu, Kitwana alipokosea kukunja. Isidori alinyoosha mkono, akaunyoosha tena, akasema, "Sawa." Kitwana akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ikabaki rangi. Na hapo ndipo mji mzima ulipogawanyika, kwa maana filamu ile ilikuwa nyeusi na nyeupe. Koti la mpelelezi lilionekana la kijivu, lakini hata midomo ya wanawake ilikuwa ya kijivu humo, na damu vilevile. Barazani kwa Kitwana watu walibishana mpaka chai ikapoa. Wako walioapa kwamba ni jekundu lililoiva, wengine wakasema mtu mwenye kazi ya kujificha usiku hawezi kuvaa nyekundu. Mzee mmoja muuza ndizi, aliyekuwa hajaiona filamu, alishikilia kwamba ni jeusi, na hakuna aliyeweza kumthibitishia vinginevyo.

Ubishi ulikatwa na Anselmi. Huyu alikuwa mchoraji wa mabango ya ile sinema, kijana mrefu mwenye rangi kwenye kucha. Watazamaji walipozidi, mwenye sinema alimwagiza achore bango kubwa la kuwekwa nje, na Anselmi akamchora mpelelezi kimo cha mtu na nusu. Koti lake lilikuwa la buluu, buluu inayopiga kelele kama mlango mpya. Asubuhi lilipotundikwa, Kariakoo ikatulia. Koti la bastola ni la buluu, na aliye na macho haambiwi tazama. Vijana wakamiminika kwa Kitwana na kwa mafundi wengine. Kwa kuwa kitambaa cha buluu kilikuwa ghali, walichovya makabuti na makoti yao kuukuu katika buluu ya kufulia, ile inayotiwa kwenye maji ya kusuuzia mashuka.

Isidori peke yake ndiye aliyekwenda kumwuliza Anselmi. Alimkuta amechuchumaa nyuma ya sinema, anasafisha brashi.

"Ulijuaje kama ni la buluu?"

"Nilijuaje nini?" Anselmi hakuinua kichwa. "Nyekundu ilikwisha kwenye midomo ya yule mwanamke. Hii ilibaki nilipopaka milango ya nyumba ya shangazi."

Isidori akarudi Mtaa wa Kongo kama mtume mwenye habari njema. Akawaeleza wote waliokuwapo barazani. Wakamsikiliza kwa adabu. Kisha Wilbert, kinyozi wa jirani na mwenye koti la buluu lililokuwa bado linachuruzika kambani, akasema kwa upole, "Kaka, Anselmi ni mtu wa sinema. Wewe ni mtu wa magunia." Maongezi yakaendelea.

Angeweza kuachia hapo. Lakini haikupita muda meli ikatia nanga kutoka Ulaya, na gatini akashuka baharia mmoja Mngazija, jina lake Bushiri, mpishi msaidizi, amevaa koti. Isidori alipoteza hesabu ya masanduku kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Mifuko mshazari, mkanda mgongoni, kola ile ile. Na rangi yake ilikuwa ya ugoro.

Alimfuata mpaka karibu na geti. "Samahani, bwana. Koti hilo umelipata wapi?"

"London," Bushiri akajibu, akafurahi kuulizwa. "Kuna filamu ya mpelelezi iliwatia watu wazimu. Maduka yote yakaanza kuyashona."

"Kumbe rangi yake ni ugoro."

"Hili ni la ugoro. Yalikuwapo na ya kijani, lakini nilipofika yalikuwa yamekwisha. Lenyewe la kwenye filamu sijui lilikuwaje. Wale wenye maduka nao waliliona sinemani tu, kama mimi na wewe."

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo yote. Isidori alisikia mpaka kwenye neno ugoro, yaliyofuata yakamezwa na kelele za winchi. Jioni hiyo hiyo alikuwa sokoni akitafuta magome ya mkandaa. Bi Sitara alimwonyesha jinsi ya kuyachemsha, kwa kuwa bibi yake alikuwa akitia rangi nyavu kwa magome hayo, na koti likalala ndani ya sufuria uani usiku kucha. Lilitoka na rangi ya ugoro kamili. Lilitoka pia na harufu ya matope ya pwani, lakini harufu, Isidori alisema, haionekani kwenye filamu.

Ijumaa moja ya mwezi wa Desemba chama kimoja cha dansi kiliandaa mashindano: atakayevaa koti la bastola lililo la kweli kuliko yote atapewa seti ya vikombe vya chai. Isidori alilipiga koti pasi ya mkaa mara mbili, akamfuata Josepha kwa shangazi yake Ilala alikokuwa na ruhusa ya kulala siku hiyo, wakaenda kwa miguu. Njia nzima hakueleza chochote juu ya koti, akitaka Josepha alione mwenyewe. Josepha alieleza habari za watoto aliokuwa akiwalea, mmoja ameota jino.

Ukumbi ulikuwa umejaa buluu. Madirisha yalikuwa wazi yote, bendi inapiga, na ndani ya sufu ile ya Ulaya vijana wa Kariakoo walikuwa wanatokwa jasho kama wapakia makaa. Jukwaani, nyuma ya majaji, lilisimamishwa bango la Anselmi, limeletwa kwa mkokoteni ili liwe kipimo.

Washindani walipita mmoja mmoja. Jaji mkuu, mwenyekiti wa chama, alimtazama mtu, akageuka kutazama bango, akaandika. Isidori alipofika alinyoosha mkono kifuani, mgongo ukafunguka kama kitabu. Mwenyekiti akatazama bango. Akamtazama tena Isidori.

"Mshono mzuri sana," alisema. "Lakini, kijana, umekosea koti."

"Mheshimiwa, lililokosea ni bango."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walidhani ni sehemu ya mzaha. Isidori akaanza kueleza habari za Anselmi na milango ya shangazi, kisha za baharia wa London. Anselmi mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na soda mkononi. Mwenyekiti akamwuliza, "Mchoraji, koti la mpelelezi ni rangi gani?" Anselmi akalitazama bango lake, akautazama umati uliovaa kazi ya mikono yake, na mtu gani angejibu vingine. "Buluu," akasema.

Vikombe vilikwenda kwa Wilbert kinyozi, ambaye koti lake lilipungukiwa vifungo na halikuwa na mkanda kabisa. Kitwana ndiye aliyelishona, kwa alasiri moja.

Isidori akatoka nje, akakaa ngazini. Josepha akamfuata na kuketi kando yake, amekunja gauni lake jeupe lisiguse vumbi. Hapo Isidori akamweleza yote, tangu mifuko mshazari hadi magome ya mkandaa. Josepha alisikiliza bila kumkatiza, kisha akashika ukosi wa koti, akaupindua kidogo.

"Kaka Isidori, hili si kabuti la jeshi?"

"Lilikuwa."

"Nililijua tangu ulipoingia kwa shangazi. Baba alirudi na kama hili kutoka vitani. Alilivaa shambani wakati wa mvua mpaka likamalizikia mwilini." Akaurudisha ukosi mahali pake. "Filamu yenyewe sijaiona. Ni ya nini?"

Isidori alifungua mdomo, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuona kingine ila koti, akaanza na yule mama aliyetiwa pingu mbele ya mwanawe. Alisimulia kama Kitwana alivyomsimulia, polepole, na alipofika mwisho Josepha alikuwa anafuta macho. Wakarudi ndani wakacheza hadi bendi ilipofunga vyombo.

Asubuhi mambo yalionekana kwenye mwanga. Jasho lilikuwa limefanya kazi yake. Buluu ya kufulia ilikuwa imeshuka kwenye mashati, shingo na viganja vya vijana wote, na kutoka viganjani imehamia kwenye magauni. Karibu kila msichana aliyecheza dansi ile alirudi kwao na kiganja cha buluu kimepigwa mgongoni, vidole vyote vinahesabika. Mafundi na madobi walitazamia vilio. Havikuja. Kufika Jumapili alama ile imekuwa fahari. Wasichana waliipitishia sabuni kando kwa makusudi, na asiyekuwa nayo alijulikana kwamba alikaa kwenye benchi usiku kucha.

Baada ya misa wenzake Josepha walimzunguka, wakaukagua mgongo wa gauni lake. Lilikuwa jeupe, safi kabisa, maana rangi ya mkandaa haichuji.

"Pole, dada," mmoja akamwambia. "Kwani karani hakukuinua ucheze hata mara moja?"

Josepha alimsimulia Isidori maneno hayo huku akicheka. Isidori hakucheka. Jumatatu alipotoka kazini alipitia Mtaa wa Kongo, akasimama mbele ya Kitwana na koti mkononi.

"Nilitie buluu?" Kitwana akauliza.

Isidori alikaa kwenye benchi. Alilitazama bega, mfuko, mgongo uliowapotezea majuma. "Hapana, Fundi," alisema mwishowe. "Nitengenezee tu hicho kifungo cha chini, kimelegea."

Tangu mashindano yale watu walisema amevaa kabuti la jeshi, jina la Kabuti likamshika, na bandarini hata msimamizi alimwita hivyo. Alijaribu kuwaeleza kwamba likishafumuliwa na kushonwa upya haliwezi tena kuitwa kabuti, kisha akachoka. Filamu iliondoka mjini, ikaja nyingine ya mtu mwenye kofia, na makoti ya buluu yakarudi sokoni kwenye mafungu ya kafa ulaya, ambako wanunuzi walihakikishiwa kwamba yametoka Ulaya moja kwa moja.

Krismasi Isidori alichukua likizo, akapanda kwenda Kibosho kuwaeleza wazee habari za Josepha. Alifika jioni kwenye ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu lishonwe koti likawa na kazi ya kufanya. Baba yake alilishika mkono, akasikia uzito wa sufu, akaomba kulijaribu. Hakuuliza limetoka filamu gani, wala rangi yake ni sawa au si sawa. Alifunga vifungo vyote, akainua kola, akaenda kuwakatia ng'ombe majani, na Isidori akarudi Dar es Salaam na shati tu.